Sima Iliyofichwa Nyuma ya Jina

Miongoni mwa maneno ambayo wanafunzi wetu huyajua barabara bila ya kufundishwa na mwalimu yeyote ni piza na spageti. Lakini hebu waulize kifumbu ni nini, au upawa una tofauti gani na mwiko, nao watakutazama kana kwamba umewauliza habari za mwezini. Sina ugomvi na piza. Chakula kizuri ni chakula kizuri, kiwe kimepikwa na fundi wa Napoli au na mama auzaye mahamri na mbaazi Kongowea. Nilicho nacho ni swali, nalo nawaelekezea walimu wenzangu kwanza na wanafunzi wetu baadaye: imekuwaje chakula cha mafukara wa nchi moja kikakwea hadi kwenye vitambaa vyeupe na bilauri za miguu mirefu, ilhali chakula hicho hicho, kikipikwa na sisi, hutajwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni siri ya nyumbani?

Swali hili lilinikaa rohoni mjini Malindi, na si ajabu kwamba ni Malindi. Msomaji asiyeujua mji huo huenda akashangaa kuambiwa kwamba kijana wa pale aweza kukuuzia dafu kwa Kiitaliano fasaha kuliko Kiingereza chake cha shuleni. Mambo hayo yana asili yake. Mnamo 1967 Italia ilirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa kutoka papo hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu. (Ni wanafunzi wangapi wa fizikia wanaojua kwamba jina hilo la Kiswahili limo katika historia ya elimu ya nyota?) Baada ya wahandisi walikuja watalii, na baada ya watalii wakaja wajenzi wa majumba na wenye mikahawa. Hivyo ndivyo mji wa Waswahili na Wagiriama ulivyojipatia meza za Kiitaliano zinazowavuta hata matajiri kutoka Nairobi.

Nilifika kwenye mojawapo ya meza hizo kwa hisani ya rafiki yangu, mwalimu mstaafu, aliyetaka kunikirimu. Mkahawa wenyewe sitautaja, kwani sikukusudia kuutangaza wala kuushitaki. Ulikuwa mahali pa heshima: upepo wa bahari, mishumaa iliyokingwa kwa vioo, wahudumu waliovaa mashati yaliyopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Mlo wa namna hiyo una taratibu zake, na ni vyema mwanafunzi azijue, maana haimkiniki siku moja kazi au bahati itamfikisha huko. Huanza kitangulizi, vitu vidogo vya kuamsha ulimi. Hufuata sahani ya kwanza, nayo huwa ni tambi, au wali uliopikwa ukabaki na majimaji yake, au sima. Kisha huja sahani ya pili, samaki au nyama, na mboga hukaa kando kwenye kisahani chake. Mwisho ni kitamutamu na kahawa. Mgeni asiyeambiwa haya hushambulia tambi kwa nguvu zake zote akidhani ndiyo karamu nzima, na samaki anapofika humkuta hana pa kumtia. Tambi zenyewe hazikatwi kwa kisu. Huzungushwa kwenye ncha za uma hadi zikajifunga, na mwenye kufanya haraka hujipaka nyanya kifuani. Kahawa ya mwisho ni chungu, nzito, katika kikombe cha kumeza mara mbili. Mzee aliyezoea kahawa ya dele barazani kule Lamu hangeona kigeni hapo ila bei.

Basi tukaletewa orodha ya vyakula. Ilikuwa na kurasa sita na lugha tatu: Kiitaliano, Kiingereza na Kijerumani. Humo mlikuwa na kaa, kamba, pweza, ngisi na nguru, viumbe wote waliovuliwa na wavuvi wetu katika bahari iliyokuwa ikivuma hatua chache kutoka kitini pangu, na hakuna hata mmoja aliyeitwa kwa jina analoitwa na mtu aliyemvua. Nilitafuta neno moja la Kiswahili katika kurasa zile sita kama atafutaye sindano mchangani. Nikalipata kwenye ukurasa wa mwisho, chini kabisa: “Karibu tena.”

Kwenye ukurasa wa tatu paliandikwa polenta, iliyo na uyoga na jibini, kwa shilingi 1,800. Mhudumu wetu alikuwa kijana wa Kigiriama, mchangamfu, aliyekuwa ametoka kuwahudumia Waitaliano wa meza ya pili kwa lugha yao bila ya kukwama hata mara moja. Nikamwuliza, “Mwanangu, hii polenta ni kitu gani?” Akaanza kunieleza kwa Kiingereza, kwa maneno mazuri aliyokuwa ameyakariri. Nikamwambia, “Nieleze kwa Kiswahili.” Akautazama mlango wa jikoni, akainama kidogo, akaniambia kwa sauti ya mtu atoaye siri:

“Ni sima, mwalimu. Ila wao huimwagia uyoga.”

Rafiki yangu alicheka hadi akapaliwa na maji. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilikuwa nikiutazama uso wa kijana yule. Alikuwa na aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya kutojua. Alijua lugha nne! Aliona haya kwamba kitu kikubwa alichokuwa akikiuza kwa majina makubwa kimegeuka, kwa neno moja la mama yake, kuwa kitu kidogo.

Tuliiagiza. Ilikuja ya manjano, laini kuliko sima yetu, imetandazwa kwenye sahani pana huku uyoga umepangwa juu yake kama mapambo. Ilikuwa tamu, nami nasema hivyo kwa haki. Mpishi wake alikuwa ameisonga kwa subira, kwani Waitaliano huiacha motoni kwa dakika arobaini au zaidi, ambapo sisi huepua mapema na kuila ngumu. Lakini rangi ile ilinikumbusha jambo. Wakenya wengi wa rika langu wanayakumbuka mahindi ya manjano kwa ukame wa mwaka 1984, yalipoletwa kwa meli kutoka ng’ambo ili watu wasife njaa. Tuliyala tukinung’unika. Watu walisema yana harufu, kwamba ni chakula cha mifugo, na mpaka leo wapo wasioweza kuyaona sahanini bila ya kukunja uso. Na hapa palikuwa na watu waliovuka bahari, wamekaa chini ya mishumaa, wakiyalipia kwa sahani moja fedha ambazo zingenunua pakiti kadhaa za unga wa kulisha nyumba nzima.

Hapana budi niieleze historia ya chakula hiki, kwa maana ndiyo iliyonifanya niandike. Mahindi si ya Italia wala si ya Afrika. Asili yake ni Mexico, na yalivushwa bahari baada ya safari ya Columbus ya 1492. Kwa Kiitaliano huitwa granoturco, yaani nafaka ya Kituruki, ijapokuwa Waturuki hawakuyabuni. Sisi tukayaita mahindi, kana kwamba yalitoka Uhindi, ijapokuwa Wahindi nao hawakuyabuni. Mataifa mawili yalimpokea mgeni mmoja, na yote mawili yakamkosea kabila. Kabla ya mgeni huyo, mkulima wa kaskazini ya Italia alisonga uji mzito wa nafaka nyingine, kama vile bibi zetu walivyosonga mtama na wimbi. Mahindi yalipofika yalizaa kwa wingi kuliko nafaka zile, nayo yakazifukuza mashambani, huko na huku.

Huko yakaja na balaa. Katika karne ya 18 na ya 19 wakulima wa mikoa ya Veneto na Lombardia walifikia hali ya kula sima tupu, asubuhi na jioni, mwaka nenda mwaka rudi, kwa kuwa ngano na nyama zilikwenda kwa mwenye shamba. Ngozi zao zikaanza kuwamba na kubabuka zilipopigwa na jua, matumbo yakaharibika, na mwishowe akili zikawaruka. Tabibu Francesco Frapolli aliupa ugonjwa huo jina la pellagra mnamo 1771, kutokana na maneno ya wakulima yenye maana ya ngozi iliyokwaruza. Hesabu iliyofanywa na serikali mwaka 1881 ilipata wagonjwa zaidi ya 100,000. Wengi waliishia katika hospitali za wendawazimu. Wataalamu walibishana kwa muda mrefu, wengine wakishikilia kwamba ni sumu ya mahindi yaliyooza, hadi ilipothibitika katika karne ya 20 kwamba kilichokosekana ni vitamini iitwayo niasini, ambayo imo ndani ya mahindi lakini imefungwa kiasi kwamba mwili hauwezi kuifikia. Wenyeji wa Mexico hawakuugua, kwa vile wao tangu jadi huyachemsha mahindi kwa maji ya chokaa, na chokaa hiyo huifungua. Columbus na wenzake walichukua mbegu, wakaacha mapishi.

Walimu wa lishe wanaweza kusimama hapo kwa kipindi kizima. Wawaambie wanafunzi kwamba mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipatwa na ugonjwa huo huo, watu zaidi ya 17,000, baada ya njugu kukatika kwenye posho yao na kubaki mahindi. Kisha wawaulize kwa nini githeri ya Mkikuyu na pure ya Mpwani, mahindi na maharagwe katika chungu kimoja, ni elimu isiyohitaji maabara. Uyoga na jibini juu ya ile sima ya shilingi 1,800 si mapambo matupu. Ni vile vitu ambavyo mkulima wa Veneto alivikosa, na kwa kuvikosa akafa.

Sasa turudi kwenye swali. Chakula kilichowatia watu wazimu kilifikaje kwenye kitambaa cheupe? Sehemu ya jibu ni mali, na sitalificha hilo. Italia ilitajirika baada ya Vita Vikuu vya Pili, na wajukuu wa wakulima wale walianza kuila sima kwa kupenda badala ya kulazimika. Mtu huyaonea fahari mambo ya umaskini akiwa ameshauvuka. Lakini mali haitoshi kulieleza jambo lenyewe, kwani wako matajiri wengi Nairobi ambao sima yao bado huliwa jikoni huku wageni wakipewa kitu kingine ukumbini.

Sehemu ya pili ya jibu ni kalamu. Italia ilipoungana kuwa nchi moja mnamo 1861, waliokuwa wakisema Kiitaliano katika maisha ya kila siku walikuwa wachache mno. Wengine wote walisema lugha za mikoa yao, na mtu wa Sicily hakumwelewa mtu wa Venezia. Tena, na hili ndilo ninaloomba kila mwalimu wa Kiswahili alikumbuke, orodha za vyakula katika karamu za wakubwa wao, hata za ikulu ya mfalme, ziliandikwa kwa Kifaransa. Mwitaliano alikaa mezani nchini mwake, akaletewa kuku wa nchi yake, akasomewa jina la kuku huyo kwa lugha ya wengine. Je, hali hiyo haifanani na yetu?

Ndipo akatokea mzee mmoja mfanyabiashara, Pellegrino Artusi, aliyeishi Firenze. Hakuwa mpishi kwa kazi. Mwaka 1891, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, alitoa kitabu cha mapishi kwa gharama yake mwenyewe, kwa sababu wachapishaji hawakukithamini. Kilianza na mapishi 475. Wasomaji, wengi wao wanawake wa nyumbani, wakamwandikia barua kutoka kila pembe wakimtumia ya kwao, naye akaongeza toleo baada ya toleo hadi yakafika 790, akafariki mwaka 1911. Alikiandika kwa Kiitaliano chepesi, safi, akawabeza waliopenda kuvipachika vyakula majina ya Kifaransa. Kitabu hicho kikaingia majumbani ambamo vitabu vya fasihi havikupata kuingia, na wapo wataalamu wa lugha wanaokihesabu miongoni mwa vitabu vilivyowafundisha Waitaliano kusema lugha moja. Mama wa Torino na mama wa Bari walijifunza kuliita jambo moja kwa neno moja, na neno hilo lilikuwa lao. Leo, mwenye mkahawa wa Malindi anapoandika polenta kwa herufi za kupinda, anategemea kazi ya mzee yule na ya wanawake waliomwandikia.

Sisi tuna nini? Tuna msamiati ambao ungemfanya mzee Artusi atuonee wivu. Kiswahili hakina neno moja la kupika. Kina kutokosa, kukaanga, kuoka, kubanika, kuchoma, kuunga, kusonga na kupalia, na kila moja lina moto wake. Nazi hukunwa kwa mbuzi, hukamuliwa kwa kifumbu, na tui lake la mwanzo, zito, si sawa na tui la pili. Tuna chungu, kaango, kinu na mchi, ungo, kawa la kufunikia. Tuna hata tambi! Neno hilo lilikuwako Pwani kabla ya mkahawa wowote wa Kiitaliano, na nyumba nyingi huzipika kwa nazi, sukari na iliki wakati wa Ramadhani. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mnamo 1154 kwa ajili ya mfalme Roger wa Pili wa Sicily, alieleza kwamba katika mji wa Trabia, karibu na Palermo, zilitengenezwa tambi kwa wingi na kupakiwa merikebuni kupelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Kitabu hicho hicho kinaitaja Malindi. Tambi na Malindi zimo katika jalada moja kwa karne nane na zaidi, nasi tunawaacha watoto wetu waamini kwamba zilikutana jana kwenye mkahawa wa kitalii.

Na rehani je? Jani lile linalonukia ambalo Mwitaliano hulitia katika mchuzi wa nyanya, Mswahili hulifunga katika kikuba pamoja na asmini na waridi, bibi harusi akajipamba nalo. Kila mmoja na matumizi yake. Nilimwona msichana mmoja wa meza ya jirani, mtalii kutoka bara kama mimi, akiuliza jina la jani hilo. Alijibiwa kwa Kiitaliano.

Najua nitajibiwa. Wapo watakaosema kwamba mkahawa ule ni wa Mwitaliano, wateja wake ni Waitaliano, na mwenye mali ana haki ya kuandika lugha aipendayo. Sikatai haki yake. Lakini Katiba yetu ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na wavuvi, wapishi na wahudumu wa mkahawa ule wote wanakisema. Mstari mmoja wa Kiswahili chini ya kila chakula haungempunguzia mteja hata chembe ya jibini. Huenda hata ungemfurahisha, maana mgeni aliyekuja Malindi hakuja kutafuta kwao. Wengine watasema, na hawa ndio wananiuma zaidi kwa kuwa ni wenzetu, kwamba Kiswahili cha mapishi ni cha sokoni, hakifai mezani pa heshima. Hao wanautupa mbachao kwa msala upitao. Na msala wenyewe, kama tulivyoona, ulikuwa mbachao wa watu wengine uliopigwa pasi.

Wala sisemi kwamba hakuna lililofanywa. Mwaka 2017 UNESCO iliitambua sanaa ya mafundi wa piza wa Napoli kuwa urithi wa binadamu, na magazeti ya dunia yakaandika. Mwaka 2021 shirika hilo hilo liliingiza kwenye rejesta yake ya mifano bora juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vyetu vya asili, na sidhani kwamba niliwahi kumsikia mwanafunzi mmoja akilitaja hilo katika insha. Managu, sagaa, kunde na mrenda, mboga ambazo zamani ziliitwa za maskini, sasa zimefungwa kwa karatasi na kuwekwa kwenye maduka makubwa ya Nairobi. Jambo hilo lilianza kwa watafiti kukusanya majina na matumizi ya mboga hizo kutoka kwa wazee. Hata huko, kalamu ilitangulia bei.

Nilipotoka Malindi niliwapa wanafunzi wa darasa langu kazi ambayo haimo katika kitabu chochote cha kiada. Kila mmoja aandike orodha ya vyakula ya mkahawa wa hali ya juu, kwa Kiswahili kitupu, akitumia vyakula vinavyopikwa kwao tu, na chini ya kila chakula aeleze kwa sentensi mbili kimepikwaje. Neno la Kiingereza likionekana, alama inaondoka. Siku ya kwanza walicheka. Siku ya pili walikwama, maana walijua kula lakini hawakujua kusema. Siku ya tatu ikabidi wapige simu nyumbani kwa bibi na shangazi zao, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Msichana mmoja alimweleza samaki wa kupaka, aliyebanikwa juu ya makaa na kupakwa tui zito lenye ukwaju na pilipili upande baada ya upande, kwa namna iliyolifanya darasa zima limeze mate saa nne asubuhi. Mvulana kutoka bara aliandika juu ya ndizi za kwao na akataka kujua kama kuponda na kuseta ni mamoja. Waliokaa nyuma walizozana kwa dakika kumi nzima juu ya ukoko na matandu, kama ni kitu kimoja au viwili, na mzozo huo sikuukata, kwa sababu wote wawili walikuwa na bibi wa kuwashuhudia.

Nimezihifadhi karatasi hizo. Sima ilitajwa na wanafunzi kumi na wanne, na hakuna aliyeinama kuitaja.

Neno moja lilitushinda. Waitaliano husema al dente juu ya tambi iliyoiva lakini ikabaki na ukaidi kidogo kwenye jino, wala si mbichi, wala haijalegea. Ni hali ambayo mpishi wetu naye huijua, katika muhogo, katika mbaazi, katika wali wa biriani kabla haujatiwa nyama. Tulijaribu “imeiva nusu”, tukaikataa, kwa kuwa imeiva kamili. Tulijaribu “ina kiini”, mtu akasema kiini ni cha yai. Naamini neno lipo, huenda Pate, huenda Vanga, huenda katika kinywa cha bibi ambaye hajaulizwa. Aliye nalo aliandikie gazeti hili, nami nitalipeleka darasani.